Mbweha, Nduguye Fardowsa

Asubuhi ile Barwako alifika kwenye kiwanja chake na ndoo ya makombo ya wali, akakuta kuku wawili wamelala chali nje ya banda. Shingo zilikuwa zimevunjwa, nyama haikuguswa. Angewakuta na pumzi angewachinja kwa bismillahi, na mchana wangekuwa mchuzi. Sasa walikuwa mizoga, hawafai. Akawatia kwenye mfuko mweusi wa takataka, akaufunga.

Viwanja vile ni vya halmashauri, vya kukodi kulima mboga, huko Bordesley Green, mtaa wa mji mmoja wa Kiingereza, nyuma ya nyumba zilizoshikana. Hospitali iko karibu, hata ukipalilia mchicha unasikia ving'ora vya ambulensi. Wenye viwanja wengi wanafuga kuku, na wiki zile karibu kila banda lilikuwa limeonja msiba.

Mbweha alikuwa amekaa kando ya fito za maharage. Mkia ameuzungushia miguu, anamtazama Barwako kama mtu aliyepanga foleni dukani.

Barwako alizaliwa Modogashe, huko nyikani, kwenye nyumba ya mbuzi na ngamia, basi akajua la kufanya. Nyanya yake, fisi akianza kuzunguka zizi, hakutafuta mtu wa mkuki. Alimtupia matumbo ya mbuzi wa nyumbani, akamwambia: wewe ni nduguye fulani, wa mlango wetu, na wa mlango wetu hawali cha mlango wetu. Fisi akishakula, yamekwisha, zizi linalala salama.

Barwako akachinja kuku mmoja mzima, akamrushia mbweha matumbo.

"Wewe ni nduguye Fardowsa," akamwambia kwa Kiswahili, maana Kisomali chake kilikuwa cha kugombeza watu tu.

Fardowsa ni binti yake, mtoto wa pekee, yuko sekondari. Jina lile ndilo lililokuwa ulimini. Mbweha akala taratibu, akaramba pua, akaondoka.

Toka siku hiyo hakufa kuku wa Barwako hata mmoja. Mbweha alilala mlangoni pa banda mchana kutwa, na watoto wakitoka shule alikwenda kituo cha basi kumngoja Fardowsa. Walirudi pamoja, yeye upande wa ukuta, binti upande wa magari. Dereva wa basi alizoea kusubiri mpaka wavuke.

"Shoga, huyo mbweha wenu kanawiri," alisema Jokha, jirani yake Mzanzibari mwenye kiwanja cha pili. "Mwanangu mwenyewe hanijii kituoni hata kunishikia mkoba."

"Wako umemlea kwa chipsi, Jokha."

"Na wako naye haji kula kwangu siku hizi. Juzi nimempa mkate wa kumimina, kanusa, kaweka."

Ilikuwa kweli. Fardowsa alikuwa ameacha mkate. Alisikia minyoo ikitembea chini ya sakafu ya jikoni, na mvua aliinusa kabla haijafika hata mtaa wa Edgbaston. Mama yake alimwambia asiache kusali, avae soksi. Hakuona ubaya wowote mkubwa.

Lakini kuku wa wengine waliendelea kufa, shingo zimevunjwa, nyama haikuguswa. Albert, mzee mwenyekiti wa viwanja, akaitisha mkutano kwenye kibanda cha zana. Akasema amepata mwindaji. Alikuwa Ogle, anayekaa nyumba ya mwisho kabisa, mtu mpole, mwenye bunduki ya upepo na mbwa jike mkubwa anayeitwa Bella. Wengi walimjua Bella. Kila jioni alizurura kati ya matuta, na watoto walimpapasa.

Albert akauliza nani anakubali mbweha wawindwe. Jokha akanyoosha mkono. Wote wakanyoosha. Na Barwako naye akanyoosha. Hili lazima lisemwe, kwa sababu wako kina mama wengi wanaonyoosha mkono bila kuangalia nani atapigwa. Yeye alidhani ni mbweha wengine, wale wasio na kwao.

"Wetu asiguswe lakini," akamwambia Ogle wakitoka. "Ni yule wa Fardowsa, mwenye sikio jeusi."

"Mama," akasema Ogle, "kutoka pale ninapolala na bunduki, mimi naona mkia tu."

Alasiri moja Barwako alikuwa anapika mikate ya anjera, Fardowsa yuko mezani na hesabu za shule. Kutoka upande wa viwanja ukasikika mlio mdogo, kama mtu amekanyaga kopo. Fardowsa akaweka kalamu.

"Mum, mguu wangu," akasema.

Damu ilikuwa inatoka pajani, inashuka kwenye soksi. Sketi haikuwa na tundu. Punde mbweha akaingia kwa mlango wa nyuma, anachechemea kwa mguu uleule, akajilaza chini ya kiti chake. Barwako akazima jiko. Hakungoja kufunga kilemba, akatoka na binti yake, kilemba mkononi.

Hospitalini daktari kijana aitwaye Dipika alimtoa Fardowsa kipande cha risasi, kidogo kama punje ya mtama, akakitia kwenye kibakuli.

"Na mbweha wenu, mmemfunga kidonda?" akauliza.

"Nimemfunga kwa leso."

"Vizuri. Wakae ndani wote wawili. Wiki hii nimetibu watoto wengine wa mtaa wenu, nao wana mbweha wao. Mmoja alipigwa karibu na shingo."

"Akapona?"

Daktari akavua glavu. "Mbweha wake hakupona," akasema.

Usiku ule Barwako hakutia kitu mdomoni. Kulipokucha akampigia simu mama yake huko Modogashe, akamweleza yote. Mama akasikiliza bila kumkatiza.

"Ulimtaja nani?" akauliza mwishoni.

"Fardowsa, hooyo."

Huko nyuma mbuzi walisikika.

"Nyanya yako alikuwa akiwataja waliokufa," akasema mama. "Kakangu aliyekufa kwa surua. Mke wa kwanza wa babu yako. Wale hata wapigwe mkuki hawana pa kuumia. Nani alikuambia utaje aliye hai?"

"Nilikuwa mdogo. Nilisikia nusu."

"Haya. Sasa umezaa wawili. Walinde."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Ameshakula, Barwako."

Basi akavaa koti, akaenda viwanjani kusema mbele ya watu. Aliwakuta Albert na Jokha wamesimama kando ya banda la Jokha. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Bella alikuwa anatoka, kuku wa Jokha mdomoni, bawa bado linapiga. Akamtikisa mara moja, shingo ikavunjika. Akamweka chini bila kumla, akaingia tena. Ogle alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anasafisha bunduki. Bella alipotoka na wa pili, akamwita, akamfuta midomo kwa kitambaa, kama mtu anavyomfuta mtoto uji.

Barwako alingoja Albert aseme. Albert akakohoa.

"Bella ana nishati nyingi," akasema.

"Ni yeye aliyekuwa anaua," akasema Barwako. "Toka mwanzo. Mbweha wangu alikuwa analinda. Mmeona kwa macho yenu."

"Tumeona," akasema Albert, na hakubisha hata kidogo. "Lakini mkutano ulipitisha mbweha."

"Watoto wanapigwa risasi, mzee. Wangu ametobolewa mguu akiwa mezani kwangu."

"Nimesikia, pole sana. Wangekaa mbali na mbweha." Akavua kofia, akaivaa tena. "Bella ana mwenyewe, ana mkufu, amechanjwa. Mbweha ukimuuliza ni wa nani, atajibu nini?"

"Atajibu ni wangu."

Ogle akatabasamu kwa upole, akatia risasi.

Barwako akamgeukia Jokha. Jokha alikuwa ameokota kuku wake, anamkung'uta mchanga kama nguo.

"Jokha, mwenzangu. Sema."

"Nisemeje, Barwako? Mimi na Ogle ni ukuta kwa ukuta. Nikimuudhi, huyo mbwa atalala bandani kwangu." Kisha akateremsha sauti. "Mwanangu mimi hana mbweha. Nimemkagua."

Barwako akarudi nyumbani. Akafunga mlango wa nyuma, akasukumia meza. Siku zilizofuata milio ilisikika ikitoka viwanjani, halafu karibu zaidi, kwenye vichochoro vya mapipa, maana viwanjani mbweha walikuwa wamekwisha na kuku bado walikufa. Kila mlio, Barwako alipandisha sketi ya binti yake kuangalia, kisha akainama kumwangalia yule wa chini ya kiti. Halafu akahema.

Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Ogle, amechana nywele, Bella yuko kwenye kamba.

"Habari za mchana, mama. Nimeambiwa hapa kuna mbweha."

"Hapa yuko mtoto wangu."

Ogle akachungulia juu ya bega lake. Kwenye zulia la sebuleni Fardowsa na mbweha walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo, kila mmoja na bandeji yake. Walifungua macho kwa pamoja.

"Ndani sina ruhusa," akasema Ogle, kama anayeomba radhi. "Ruhusa yangu ni nje."

Akavuka barabara, akakaa kwenye ukuta mfupi wa ng'ambo, bunduki mapajani. Baada ya kitambo Jokha akatoka kwake na kikombe cha chai ya tangawizi, akampa. Hakuangalia upande wa Barwako.

Barwako akashusha pazia. Fardowsa alikuwa amekaa, anamkuna nduguye nyuma ya sikio jeusi.

"Anamngoja nani?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza.

"Yeyote atakayetoka," akasema mama yake.

Fardowsa akaitikia kwa kichwa, akavuta mkoba wake, akaanza kupanga vitabu vya kwenda shule Jumatatu.