Bomba Lililotaka Lawama

Kabla ya kengele ya asubuhi, wanafunzi wa ufundi bomba walipanga ndoo nyuma ya bweni, kisha mmoja akaenda kumwamsha mwenzao waliyempa jina la Bi Kero. Msichana akatoka na shuka mabegani na mswaki mdomoni. Aliutoa mswaki, akalikazia macho bomba la uani, akaanza.

"Godoro langu limebonyea mpaka nikilala nasalimiana na sakafu. Taa ya korido inawaka mchana, usiku inapumzika. Na maharage ya jana nimeyatafuna hadi nikasahau ninakula nini!"

Bomba likakohoa, maji yakatoka. Alipolalamika yalitiririka, aliponyamaza kumeza mate yalikatika. Hakuna aliyeshangaa, mambo yalikuwa hivyo tangu muhula wa kwanza. Mwalimu wao alipoulizwa alisema ni suala la presha, akaendelea kuchora mabomba ubaoni, maana pale ufundi bomba ulifundishwa kwa chaki. Bomba kuu lilikuwa limepasuka chini ya geti, na kila muhula mkuu wa chuo aliahidi kwamba litachimbuliwa.

Tatizo ni kwamba bomba lilichagua. Kijana mmoja alijaribu kudai kuwa panya wamekula viatu vyake, likampulizia hewa. Lilitaka lawama ya kweli, tena mpya, iliyotoka moyoni. Kwa bahati, chuo hakikumnyima Bi Kero malighafi.

Naye alijivuna, kwa nini asijivune? Alimpigia mama yake simu. "Mama, bila mimi chuo kizima hakiogi."

"Na mimi nilidhani mdomo huo utakuponza," mama akasema. "Basi usiufunge, mwanangu."

Ukafika wakati wa mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi angeunga mabomba, mtahini kutoka nje angepitisha maji, na asiyevujisha angefaulu. Maji yasipokuwepo, darasa zima lingerudia mwaka. Mkuu wa chuo akamwita Bi Kero ofisini.

"Binti, mgeni akifika useme maneno ya shukrani. Usituvue nguo mbele za watu."

"Mkuu, nikishukuru maji yatakatika."

"Basi lalamika kwa adabu."

"Nimewahi kujaribu, mkuu. Yanatoka matone."

Mkuu alimwambia ajitahidi, kisha akarudi kwenye chai yake.

Siku ya mtihani mpira ulivutwa kutoka bomba la uani hadi kwenye meza ya karakana. Wa kwanza alikuwa rafiki yake Bi Kero, anayelala kitanda cha juu yake. Huyu alikuwa amesharudia mwaka mara moja, na kwao walishamwambia kwamba akirudia tena asirudi chuoni, atafute kazi nyingine. Bi Kero akasimama kando ya bomba, akasafisha koo.

"Tunaushukuru uongozi kwa malezi mema..."

Bomba likavuta hewa. Rafiki yake, spana mkononi, akamgeukia. Bi Kero akamtazama mkuu wa chuo aliyevaa tai mpya, na hasira ikampanda.

"Tunafundishwa maji kwa chaki!" akasema. "Spana ni moja, tunaipokezana kama kikombe cha msibani! Maktaba imefungwa kwa sababu funguo anazo mpishi, na mpishi yuko likizo!"

Maji yakaja kwa kishindo. Mtahini akainama, akapitisha kidole kwenye maungio, kidole kikatoka kikavu. Akamwomba Bi Kero apandishe sauti kidogo, anahitaji presha zaidi.

Akapandisha. Ilipokaribia zamu yake, alilazimika kuzungusha tepu ya kuzuia maji kwenye nyuzi za bomba huku mwenzake bado anapimwa. Mikono yote ilikuwa na kazi, hivyo akaibana tepu kwa meno kama walivyozoea pale, na kwa meno hayohayo yaliyofungwa akakilaumu chuo kisicho na jiliwa la kushikia bomba. Maji hayakupungua hata kidogo. Maungio yake hayakutoa hata tone, na alipoyaona makavu, kifua kilimjaa furaha.

Wote wakafaulu. Rafiki yake alilia, akamkumbatia kwa mikono yenye grisi.

Mtahini akampa mkuu wa chuo mkono. "Hongera, maji mnayo ya kutosha," akasema. "Na presha ni nzuri sana."

Mkuu akapanda ngazi za ukumbi, akakohoa. "Mmemsikia mgeni wetu. Kwa kuwa maji yapo, hatuna tena haja ya kuchimbua bomba kuu. Mafundi waliokuwa waje kulichimbua watatujengea geti jipya."

Bi Kero alihisi damu inachemka. Akainua kichwa, akasogea mbele kwa mwendo wa mtu anayejua thamani yake.

"Mkuu," akaanza, "hilo hatulikubali!"

Hakuna aliyebaki kumsikiliza. Darasa zima lilikuwa limekimbilia ndoo.