Mapanga ya Mwanga

Kwenye ile video mikono yake ilionekana, uso haukuonekana. Mikono tu, hadi kwenye viwiko, imeshika panga la helikopta ndogo ya kuchezea huku vitaa vya bluu vikiwaka kutoka shinani hadi nchani, na juu yake sauti ya mjomba ikitamba: "Hii kitu nimeiwaza mwenyewe, nimeitengeneza mwenyewe!" Aliitazama mpaka simu ikapata moto mkononi. Watu walikuwa wamemiminia sifa chini yake. Fundi hatari! Mjomba una akili! Mmoja tu ndiye aliyeuliza mikono ile ni ya nani, na mjomba akamjibu: "Kasichana kangu ka kazi."

Kasichana! Pale karakanani kwa mjomba walimwita Sisimizi, kwa udogo wa umbo na kwa sababu hakujua kutulia, na jina hilo hakuwahi kulichukia. Lakini hili la kasichana lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana nani aliyeumiza kichwa? Mwili wa helikopta mjomba aliununua dukani, una betri, sawa, lakini mapanga yanazunguka. Ukivuta waya kutoka mwilini hadi kwenye mapanga, unajisokota kwenye mhimili kama uzi kwenye kidole, unakatika kabla hujasema lo. Yeye ndiye aliyeamua kila panga libebe betri yake lenyewe, ndogo kama ukucha. Mara ya kwanza aliibandika nchani. Kasi ikaichomoa, ikaenda kupasua kioo cha kabati la mkaza mjomba. "Sisimizi," mkaza mjomba akalalamika, "huyo ndege wako ana kisirani na sura yangu." Ndipo akaisogeza shinani, karibu na mhimili, na hapo ikatulia.

Na kabla ya kila kuruka aliyafunga mapanga yote mawili pamoja, moja huku, moja huku, akayalaza juu ya sindano iliyovuka vikombe viwili, akasubiri. Likizama moja hata kidogo, anambandikia mwenzake kipande cha utepe mpaka yakae sawa. Mjomba hakuwahi kuigusa ile sindano. Yeye kazi yake kuuliza akiwa mlangoni, "Umepima?" na kuridhika na jibu.

Sasa duka jipya la vifaa vya watoto lilikuwa linafunguliwa, na mwenye duka alishatangaza: aliyeitengeneza helikopta ile atapewa chumba cha ghorofani kiwe karakana yake. Sisimizi alikuwa amekwenda kukiona. Alisimama katikati, mbele ya madirisha makubwa, akapanga meza zote kwa macho. Mjomba yeye alikwenda kununua shati.

"Umepima?" akauliza asubuhi ya siku hiyo.

"Nimepima."

Na kweli alipima. Kwenye panga moja aliweka betri nzito kidogo, akaifunga kwa utepe mweusi uleule, kisha akalitazama panga hilo likizama juu ya sindano, taratibu, kama mtu anayesinzia. Upande wa pili hakuongeza kitu. Acha isambaratike mbele za watu. Acha wamrekodi tena!

Dukani mapazia yakavutwa mchana kweupe, ukumbi ukawa giza. Helikopta ilikaa sakafuni nyuma ya kamba. Simu zikainuliwa, na Sisimizi akainua yake, moyo ukimdunda kwa raha.

"Mabibi na mabwana," mjomba akasema, "hili ni jasho langu."

"Jasho au manukato?" mkaza mjomba akamnong'oneza Sisimizi. "Kaoga chupa nzima."

Mapanga yakaanza kuzunguka. Vitaa vikaungana, duara la bluu likafunguka, ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Hata yeye. Karakanani alizoea kuitazama kwa jicho la kutafuta kasoro. Hakuwahi kusimama mahali pa mtazamaji. Kumbe ilikuwa nzuri namna hii!

Kisha ukingo wa duara ukaanza kutetemeka. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mbwembwe. Mjomba akaongeza kasi. Na Sisimizi akaona kitakachofuata, wazi kabisa: mapanga yatavunjika, mjomba atashika kichwa, watu watamzunguka, pole fundi, pole sana, utatengeneza nyingine. Pole zote zitakuwa zake. Hata kuvunjika, itavunjika ikiwa ya mjomba! Na mkaza mjomba, na kismati chake kile cha kioo cha kabati, alishasogea hadi kwenye kamba ili arekodi vizuri.

"Zima!" akapiga kelele. "Mjomba, zima sasa hivi!"

Mapanga yakapungua kasi, yakasimama, vitaa bado vinawaka.

"Msameheni msaidizi wangu, kaogopa," mjomba akawaambia watu huku akicheka. Akamwinamia. "Una wazimu? Si ulisema umepima?"

"Nilipima, mjomba. Ndiyo maana najua."

Cheko likamganda usoni. "Ulitaka kuniua?"

"Kukuaibisha."

"Na sasa?"

"Sasa nachukua changu."

Akapiga magoti, akatoa bisbisi mfukoni, akafungua panga la kwanza, kisha la pili. Hakuna aliyemzuia. Helikopta ikabaki pale kama kuku aliyenyonyolewa.

"Uliinunua wewe hii, ni yako," akasema. "Irushe."

"Sisimizi, tutaongea nyumbani."

"Si ulisema mimi kasichana ka kazi? Kazi imeisha."

Akatembea gizani, panga moja kila mkono, na watu wakaipisha ile bluu. Nyuma yake alimsikia mwenye duka akiuliza, "Fundi, kwani nani alitengeneza?" Hakusimama kusikiliza jibu.

Nje, jua lilizimeza taa zote. Alizigeuza huku, akazigeuza kule, wapi. Mapanga mawili ya plastiki tu. Akalifunika moja kwa kiganja, akatia jicho ndani ya kivuli hicho. Ilikuwemo bado, bluu, ikimwangazia mistari ya mkono.

Nyuma yake mlango ukafunguliwa, mtu akatoka. Yeye hakugeuka kuona ni nani; akalifunika na la pili, akachungulia.