Kibali cha Mama Damiani

Mzazi unayempeleka binti chuo, usianze kuuliza kama chumba kina umeme. Uliza kwanza nani anaishi kwenye hiyo nyumba. Naisimoi hakujua kuuliza hivyo, Mungu tu ndiye aliyemwonea huruma.

Alimleta binti yake Silantoi kutoka Simanjiro kusoma chuo Babati, na chuo kilikuwa kimejaza mabweni yake. Dalali akawazungusha mchana kutwa. Akawaonyesha geto moja, mlango unafungukia barabarani, mwenye nyumba yuko Arusha, hajulikani sura, inajulikana namba yake ya simu tu. Naisimoi akamkumbuka binti wa jirani yake aliyepanga mahali kama pale. Yule alirudi nyumbani kabla hata ya mtihani wa kwanza, na mpaka leo mlango ukigongwa anaruka. Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Wakawa wamesimama mtaa wa Bagara hawajui pa kwenda, mama mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi ubavuni mwa nyumba yake akainua kichwa.

"Nyie wageni, mmekula?"

Ndiye Ursula, Mama Damiani. Wanawe walishaoa wakaenda zao, vyumba vikabaki. Humo alikuwa ameweka wasichana wa chuo, na Silantoi akaongezwa. Hakuwaita wapangaji. "Mtu analala kwangu nimwite mpangaji? Hawa ni wageni wangu." Na hao wageni walifagia uwanja, walichota maji, na jua likizama walikuwa ndani. Kijana akija kumuulizia msichana, Mama Damiani hakumfukuza. Alimkaribisha sebuleni, akampa kikombe cha uji wa moto, akaketi mbele yake.

"Kunywa, baba. Mama yako anaitwa nani? Mnasali wapi? Lete namba yake tumsalimie."

Wengi hawakumaliza uji.

Naisimoi aliposimuliwa hayo kwa simu alicheka mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Tangu siku hiyo akawa analala usingizi. Kumbe mzazi usilale sana.

Siku moja Silantoi akampigia mama yake simu analia. "Yeyo, tunafukuzwa."

Mtaa ule ramani yake ni ya makazi ya familia. Ukitaka kuweka wanafunzi wengi, lazima uombe kibali cha kubadili matumizi ya nyumba, na majirani waulizwe kwanza. Wako wanaoweka hosteli bubu wakanyamaza. Mama Damiani hakutaka kuishi kwa kujificha, akaenda mwenyewe kuomba. Kijana wa steshenari akamuuliza, "Mama, nyumba unataka iwe ya nini?" Akajibu kama anavyosema siku zote, "Ya wageni." Kijana akachapa hivyo hivyo. Tangazo likabandikwa getini kwamba makazi haya yanaombewa kuwa NYUMBA YA WAGENI. Na Babati nzima, nyumba ya wageni maana yake ni gesti.

Mtaa ukawaka moto. Mzee Sadallah, mwenye duka la jirani, akaapa kwamba wale wasichana wataondoka. Mkutano ukaitishwa.

Naisimoi akapanda basi la alfajiri. Geto mwanawe haendi, hilo alikuwa amelikata. Kwa hiyo nyumba ikikataliwa, wanarudi wote Simanjiro. Na baba yake Silantoi alikuwa anangoja hilo tu. Alishasema kwamba msichana akirudi, hatoki tena.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya mtaa. Mzee Sadallah alisimama wa kwanza.

"Mimi nina mabinti. Leo gesti, kesho baa, keshokutwa tutahama sisi!"

"Mama Damiani, chumba kwa saa ni buku ngapi?" akadakia mtu wa nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Mama Damiani akawatazama haelewi. Afisa mipango miji, dada mmoja kijana, akamuuliza kwa upole, "Mama, hao wageni ni akina nani?"

"Si hawa!" Akawaonyesha wasichana waliojikunyata kwenye benchi.

Afisa akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama, ulichoomba ni gesti."

"Gesti? Mimi?" Mama Damiani akakaa chini kama aliyekatwa miguu. "Yesu na Maria!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha huruma. Afisa akasema neno litarekebishwa, iandikwe hosteli ya wanafunzi. Naisimoi akashusha pumzi. Lakini Mzee Sadallah hakukaa.

"Neno limebadilika, vijana hawajabadilika. Palipo na wasichana bodaboda zinajaa. Hao wahuni wanaokuja pale ni watoto wa nani? Mnitajie hata mmoja!"

Damu ikampanda Naisimoi kichwani. Alimjua mmoja, alikuwa ameambiwa na Silantoi. Aliyekuwa anakuja kuliko wote ni Feisal, mtoto wa Mzee Sadallah mwenyewe. Akainuka kusema. Mama Damiani akaidaka shuka yake.

"Kaa, Mama Silantoi."

"Nimtaje! Tumalize!"

"Aliyekunywa uji wangu naye ni mgeni wangu. Mgeni haanikwi."

"Watoto wanafukuzwa, wewe unamfichia mwanawe?"

"Wakifukuzwa nitalia nao. Lakini sitamvua nguo mtoto wa jirani mbele za watu."

Naisimoi akakaa na hasira yake. Mawazoni alimwona binti yake amerudi bomani kwao, vitabu vimefungwa ndani ya mfuko. Lakini hasira ile ikiwa bado motoni, wazo likamjia. Mtu anayelinda jina la kijana msumbufu kiasi hiki, la mwanangu atalilindaje? Hata kwa ndugu zake mwenyewe hakumjua mwenye moyo wa namna ile.

Mwenyekiti alishaanza kusema wanaopinga wanyooshe mikono, mara upande wa kina mama akasimama Hanifa, mke wa Mzee Sadallah.

"Baba Feisal, unisamehe. Umesema utajiwe mmoja. Ni Feisal."

Mzee Sadallah akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama Damiani alinipigia simu," Hanifa akaendelea. "Nikajua naitwa kutukanwa. Akaniambia, mwanao yuko kwangu anakunywa uji, njoo umchukue taratibu asiaibike. Nikaenda. Tangu siku ile kijana ametulia, na wewe ukawa unanisifu kwamba nimemlea. Leo huyu mama amesemwa mpaka basi, na hilo hakulitoa. Nyumba gani nyingine mtaa huu ingenipigia mimi simu?"

"Kumbe ndiyo maana Feisal siku hizi ukimpa uji anakimbia!" mtu akasema. Hata Mzee Sadallah akashindwa kujizuia, mabega yakatikisika. Alipotulia akamgeukia jirani yake.

"Mama Damiani, geti unafunga saa ngapi?"

"Adhana yenu ya magharibi ikianza, mimi komeo tayari."

"Basi sina la kupinga."

Mikono ikahesabiwa, wengi wakakubali. Afisa akasema atakipendekeza kibali, ila wasichana wasizidi wanane na mlango wa pili utobolewe kwa ajili ya moto. Hapo wenye nyumba wengine wakaruka. "Na sisi je? Tuna vyumba!"

"Hapana," akasema afisa. "Hii ni ruhusa ya pekee ya nyumba moja, haibadilishi mtaa. Tena ni kwa sababu mwenyewe anaishi humo. Siku akihama au akifariki, nyumba inarudi kuwa ya familia."

Watu walikuwa wanapongezana, wala hawakusikia. Naisimoi alisikia. Furaha yake ikaingiwa na mwiba. Njia nzima kurudi alikuwa anamtazama Mama Damiani anavyotembea, anavyohema kwenye kilima.

"Mama Damiani, presha unayo?"

"Ninayo, ya siku nyingi."

"Na dawa unameza?"

"Nikikumbuka."

Naisimoi akasimama katikati ya njia. "Silantoi! Umesikia? Kuanzia leo kila asubuhi unamsimamia anameza, ndipo uende chuo. Akikataa, unipigie."

"Ndiyo, yeyo."

Mama Damiani akashika kiuno. "Haya makubwa. Sasa mimi ndiyo nimewekewa matroni?"

"Umewekewa," akasema Naisimoi, wala hakucheka.