Lugha ya Wachuuzi

Nilirudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, mwaka 1956, baada ya miaka kumi na miwili ya kuchimba shaba Katanga. Harufu ya samaki iliyonilea ilinifanya nizibe pua, nikajichukia.

Mama alikuwa akianika samaki ufukweni, macho yamefifia kwa mtoto wa jicho. Ulimi wangu huu mpumbavu ukatoa Kiswahili: “Jambo, mama.” Kwetu, Kiswahili ni cha wachuuzi tu, wanaotoka Katanga kununua samaki.

“Hii samaki iko na mwenyewe, baba,” alijibu kwa Kiswahili. “Urudie kesho.”

Nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kibemba kwamba mimi ni Kasonde, mwanawe.

Hakuacha Kiswahili. “Mutoto yangu alikufa kule kwenu. Lakini unasema Kibemba muzuri, bwana. Nani alikufundisha?”