Vidonge vya Zinki

Mimi ndiye msomi wa ukoo wetu, na mtu asinibishie. Nina duka la dawa Buhongwa, na ndugu akipata homa huniuliza mimi kabla ya kumwomba Mungu. Dada yangu Wilhelmina alipokutwa na saratani ya mlango wa kizazi, nilifunga duka nikawa namsindikiza hospitali mwenyewe.

Walimwekea dawa ya platini kwenye dripu, mara moja kwa wiki, pamoja na mionzi. Mwili ukamwisha. Ndipo shangazi Dorcas akavuka ziwa kutoka Nansio na mfuko wa mizizi. Nilimfokea mbele ya majirani. Nilimwambia ushamba wa watu kama yeye ndio unaojaza makaburi, kisha nikaimwaga mizizi chooni. Kesho yake akapanda meli bila hata kunywa chai.

Mimi nikampa dada vitu vya kisomi: vidonge vya zinki, vile wanavyopewa watoto wanaoharisha. Vinaongeza kinga, nani asiyejua? Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, majuma yote sita ya dripu na hata baada yake.

Kila Jumatatu nesi aliuliza, "Nyumbani anatumia kitu kingine chochote?"

Nilijua anachotafuta. Anadhani tunaficha hirizi. Nilijibu kabla dada hajafungua mdomo: "Sisi ni watu wa kanisa. Hatuna mambo hayo."

Nesi akaandika kwamba hakuna.

Miezi mitatu baada ya dripu ya mwisho, vipimo vilionyesha uvimbe umekua. Daktari Machibya aliniita ofisini, dada akabaki kwenye benchi nje. Nikajitetea kwamba anakula vizuri, na zinki nampa bila kuruka.

Akaweka kalamu chini. "Zinki kiasi gani?"

Nikamtajia, tena kwa fahari.

"Mwilini kuna protini ambazo kazi yake ni kushika metali kama zinki," akasema taratibu. "Ukimpa mtu zinki nyingi, mwili unaweza kuzitengeneza kwa wingi. Na hazichagui, ni kama wavu wa macho madogo. Platini nayo ni metali. Zinaweza kuikamata kabla haijafanya kazi yake kwenye uvimbe."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Siwezi kuapa. Kuna uvimbe unaotengeneza protini hizo wenyewe, bila kupewa chochote. Ila tungejua, tungekuzuia."

Angesema ni mimi, ningelia nikamaliza. Hiyo "siwezi kuapa" yake ndiyo inayonila mpaka leo.

Dada sikumwambia. Nilivitupa vidonge, nikamdanganya kwamba vimeisha dukani.

Jumapili iliyopita shangazi alirudi, safari hii na samaki waliokaushwa tu. Wilhelmina hawezi tena kuketi bila kushikwa. Nilimshika mgongo, naye akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, ningefuata mizizi yako ningekuwa nimeshazikwa. Huyu Hellen ndiye aliyenihangaikia."

Shangazi Dorcas ana miaka sabini na mbili. Aliinuka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele yangu mimi niliyezaliwa mikononi mwake.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi sikusoma."

Dada alikuwa akinitazama, anatabasamu, anangoja nijibu kiungwana.

Nikamwambia shangazi kwamba nimemsamehe.