Mkataba Usio na Jina la Rodel

Siku mkataba uliposainiwa, shangazi Luming alichinja nguruwe. Nilimpigia simu asubuhi nikamwambia asichinje. Nilipompigia tena, nguruwe alikuwa tayari juu ya makaa akizungushwa, na nusu ya mtaa wao kule Calumpit, nje ya Manila, wameshabeba viti vyao kuja.

Kazi yangu ni mikataba. Niko wizara ya mambo ya nje, kwenye ofisi ambamo hati za nchi hufungwa utepe na kupigwa mhuri. Hakuna kinachonichosha kama mtu anayedhani saini ndiyo mwisho wa safari, na sasa mtu huyo alikuwa damu yangu mwenyewe.

"Nimeona kwa macho yangu kwenye televisheni," shangazi aliniambia nilipofika, mikono imelowa mafuta. "Waziri katia saini, mwenzake katia saini, wakabadilishana makabrasha, wakapeana mikono. Unataka nini tena, Boyet?"

"Shangazi, hapo wameposa tu. Wazee wamekuja, wamekula, wamekubaliana. Harusi bado."

"Mimi niliposwa Machi, nikaolewa Aprili."

"Wewe tumbo lilikuwa na haraka," akadakia jirani yake, Pacing, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Shangazi alimrushia kitambaa cha jikoni.

Rodel ni mwanawe wa mwisho. Alikwenda kuendesha lori katika nchi moja ya Ghuba, ambayo siitaji jina kwa sababu wizarani tumefundishwa adabu. Alimgonga mtu akafa, akafungwa miaka kumi na mitano. Mkataba ule ulihusu kuhamisha wafungwa, kwamba aliyefungwa ugenini aweze kuja kumalizia kifungo kwao alikozaliwa. Shangazi hakuwahi kuomba mwanawe aachiwe. "Aliyekufa naye ana mama," alikuwa akisema. Alichotaka ni Rodel awe gereza la Muntinlupa, hapa kwetu, ampelekee chakula Jumapili, amshike mkono. Kule hawezi kwenda, maana moyo wake ni mgonjwa na daktari amempiga marufuku kupanda ndege.

Basi nikamweleza huku watu wakitafuna. Saini ya waziri inaonyesha nia tu, haijaifunga nchi. Hata huyo waziri wa sheria alisaini kwa sababu rais alimpa hati ya mamlaka. Bila hati hiyo saini yake isingekuwa na uzito zaidi ya yangu. Sasa rais aridhie, Seneti ipige kura, theluthi mbili wakubali. Wa kule nao wafanye ya kwao. Kisha nchi mbili zipeane hati za kuridhia, mwezi upite, ndipo mkataba uanze kufanya kazi.

"Theluthi mbili ya maseneta ni wangapi?"

"Kumi na sita."

"Watu kumi na sita! Mimi nimezaa sita bila kura ya mtu."

Rais aliridhia upesi. Seneti ikaenda likizo, ikarudi, ukaja uchaguzi. Maseneta tuliokwisha kuwaelewesha wakaangushwa, tukaanza moja na wageni. Shangazi alichoka kungoja, akawa anapanda basi kuja Manila na vikapu vya suman, ule wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya migomba, akizunguka ofisi za maseneta mlango kwa mlango. Niliona aibu, sitaficha. Siku moja mkuu wangu, Wakili Buenaflor, akaniita.

"Boyet, yule mama wa suman ni wa kwenu?"

"Ni shangazi yangu, Wakili."

"Mwambie aache kuwalisha kabla ya kura. Wakishiba wanasahau."

Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa, lakini polepole ile nayo haikuwa na baraka yoyote. Shangazi alilazwa hospitali mara mbili tukingoja. Kura ilipopigwa hatimaye, hakuna aliyepinga. Hati ya kuridhia niliifunga utepe kwa mikono yangu mwenyewe, nikabana mhuri kwa nguvu zangu zote, na nilifurahi kama mtoto.

Nilimpelekea shangazi nakala ya mkataba. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi ukurasa wa mwisho.

"Jina la Rodel liko wapi?"

"Halimo. Huu ni wa nchi na nchi, shangazi. Hautaji mtu."

"Kurasa zote hizi?"

Nilijiona kama niliyemuuzia kuku mgonjwa.

Hati zikabadilishwa, mwezi ukapita, mkataba ukaanza. Jina la Rodel likaonekana kwanza kwenye karatasi ya ridhaa, kwa kuwa mfungwa hahamishwi kama mzigo; lazima mwenyewe akubali. Afisa wa ubalozi wetu alimpelekea gerezani. Majibu yalinifikia mezani: amekataa.

Nililaani hadi Wakili Buenaflor akafunga mlango wake. Nikaomba afisa yule arudi gerezani na simu na karatasi ile ile, nikaenda Calumpit, nikakaa na shangazi kwenye ngazi za nyumba yake, simu tumeifungulia sauti.

"Kaka Boyet, nisamehe," alisema Rodel. "Sitaki mama anione na sare ya gereza na pingu. Niliondoka na shati jipya. Anikumbuke vile."

"We mjinga, unajua watu wamehangaika kiasi gani?"

Shangazi alinigusa goti ninyamaze.

"Rais wetu ameweka saini?" aliniuliza.

"Ameweka."

"Na mfalme wao?"

"Naye ameweka."

"Na huyu lazima aweke?"

"Lazima. Asipotaka, basi."

"Mimi naweka wapi?"

Mkataba ule naujua kifungu kwa kifungu. "Mama hajawekewa nafasi, shangazi."

Akaichukua simu.

"Rodel. Nilikuona ukitoka tumboni uchi, una damu mwili mzima, unanipigia kelele. Leo nishindwe kukuona na pingu? Shati lako jipya mimi nilishalisahau. Ninachokumbuka ni uso wako, na huo nao umeanza kunipotea."

Kule tukasikia mlango wa chuma ukibamizwa mbali, na mtu akikohoa.

"Bwana afisa," sauti ya Rodel ikasema, si kwetu, "nipe kalamu."

Shangazi alinirudishia simu. Alilia palepale kwenye ngazi, kwa sauti, majirani wakichungulia, na safari hii hakuna aliyethubutu kumtania.