Meno ya Mama Achola

Ko, ko, ko. Viatu vilipanda ngazi za saruji kwa hasira. Ondiek, akiwa ameinamia kompyuta katika studio yake ndogo ya Kondele, alijua kabla ya kuona mtu kwamba huyo si mteja wa picha za pasipoti.

Seline aliingia bila hodi, akaibwaga picha kubwa mezani.

"Huyu ni nani?"

"Mama yako, dada. Mama Achola."

"Na meno ya chini ameyatoa wapi? Amepewa huko mochari?"

Ondiek alihisi damu ikimpanda. Siku mbili nzima ameihangaikia picha hiyo! Aliipiga mwenyewe mwaka jana, jikoni kwa Achola kule Muhoroni. Mama alikataa kutoka nje, ugali uko motoni. Flashi nayo akaikataa, macho yalikuwa yametoka kupasuliwa. Ikambidi Ondiek aipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera yake kuukuu kuhisi mwanga, hadi mwisho, ili inase kile kimwanga kidogo cha moto. Ikanasa kweli, lakini picha ikajaa chenga, utadhani mtu amemrushia mama mchanga usoni. Na hiyo ndiyo picha pekee ambamo Achola anacheka.

"Nilisafisha chenga tu. Hii programu ya kompyuta..."

"Programu ni mjukuu wa nani? Mama aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama wenzake wote, ndiyo mila yetu. Pengo lile alilionea fahari kuliko nyumba ya mabati! Kesho wazee wakiiona hii mbele ya jeneza, watauliza tunazika mgeni gani."

"Si wewe uliyelia kwamba anaonekana amepakwa unga wa wimbi? Nani aliniambia nisafishe?"

"Usafishe uso, bwana! Sikukutuma uwe daktari wa meno."

Ondiek akafungua picha ya kwanza, akaikuza mdomoni. Pengo lilikuwapo, jeusi, limejaa chenga. Programu ililiona kuwa uchafu, ikapanda meno. Lakini programu haina nyanya. Yeye, aliyelelewa na nyanya mwenye pengo hilohilo, alipitaje hapo bila kuona? Aliwinda chenga hadi akaupoteza uso. Hilo ndilo lililomuuma. Akairudisha picha nzima kwenye skrini.

"Rudi mlangoni," alimwambia Seline. "Tazama kutoka huko."

Seline alirudi nyuma akinung'unika, akageuka. Manung'uniko yakakatika. Kutoka pale chenga hazikuonekana sana. Aliyeonekana ni mama yake, anacheka.

"Ukisogea bado ziko," alisema hatimaye, sauti imelegea.

"Ziko. Nikiziondoa, naye anaondoka."

Seline alijifuta macho kwa kiganja. "Mwili unatoka mochari saa mbili asubuhi."

"Saa moja na nusu utanikuta getini na picha yake," alisema Ondiek. "Sitagusa hata chenga moja, dada. Nakuahidi."